Punje Moja katika Elfu

Simu ya hospitali ilikatikakatika kila usiku tangu Jumanne.
Daktari yuko Tórshavn, mgonjwa yuko kwetu Tvøroyri,
katikati yao bahari, na kebo moja, na ruta yangu
isiyozidi sanduku la viatu.
"Sema tena," anasema daktari. "Sema t—"

Hergeir, bosi wangu, akataka tuizime nusu saa,
tuchomeke kipimo katikati ya waya, tuone kinachopita.
Nikamuuliza: nusu saa ya nani?
Mapigo ya moyo hayapimwi
kwa kuusimamisha moyo kwanza.

Usiku ule nikabaki peke yangu chumba cha mitambo.
Nje ukungu ulikuwa umemeza mlima, kondoo, na paa la jirani
lenye nyasi ndefu kuliko za bustani yake.
Ndani feni, taa za kijani,
soksi zangu zikikauka juu ya seva.

Nikaiamuru ruta: hesabu.
Kila pakiti ipitayo, niandikie ni ya aina gani.
Ikatii, maskini. Ikatii mno.
Asilimia arobaini, sitini, themanini na tatu,
bawabu akiandika majina hata akasahau kufungua mlango,
na mimi niliyekuja kutibu foleni
nikawa ndiye foleni.
Nikafuta amri, vidole vikitetemeka.
Hergeir hajui. Mnajua ninyi.

Bibi yangu Sunnuva, akipika shayiri,
hakula chungu kizima ili ajue kama imeiva.
Alichukua punje moja, akaitia baina ya meno,
akanyamaza.

Basi nikaandika upya: katika kila elfu, nionjeshe moja.
Na hiyo moja usiifungue. Nisomee bahasha tu,
imetoka wapi, yaenda wapi, kwa mlango upi, na uzito wake.
Barua mwachie mwenyewe.

Ruta ikashusha pumzi.

Kisiwa kikaanza kujichora kwenye kioo:
sauti, vipande vidogo vidogo,
mwendo wa mtu aliyebeba yai kwenye kijiko;
video, ikija kwa mafungu kama wageni wa harusi;
barua pepe mojamoja;
michezo ya vijana walioapa kwa mama zao kwamba wamelala.

Na uzi mmoja mwembamba, saa nane na robo,
kutoka nyumba ya mwisho kule Hvalba hadi Halifax.
Sauti. Maneno sikuyajua.
Nilijua tu kwamba upande mmoja ulisema
na mwingine, kwa dakika ishirini, haukusema kitu.
Kumbe hata bahasha ina mdomo.
Nikaifuta anwani ile kwenye jedwali,
nikabakiza aina.

Saa tisa kamili mstari ukapanda kama ukuta.
Mabwawa ya samaki! Kamera arobaini chini ya maji
zikituma makao makuu kila samoni aliyepiga mkia,
sura kamili, rangi kamili,
samoni elfu wakijazana kwenye njia ya mgonjwa mmoja
ambaye alitaka tu kuambiwa
anywe vidonge viwili au vitatu.

Sikuwafungia. Samaki nao wana mwenyewe, na analipa.
Niliwasogeza nyuma, sauti nikaipisha mbele.
Amri mistari minne.
Hakuna taa iliyopepesa, hakuna aliyegeuka kitandani
akisema, nani huyo amepita?

Asubuhi Hergeir akaja na kipimo chake mkononi
akauliza, basi tunazima saa ngapi?
Kabla sijajibu, simu: muuguzi Marjun, hana haraka leo.
"Usiku daktari alipiga chafya," akasema,
"na sisi wote wodini tukaisikia hadi mwisho."

Nikavaa soksi zangu.
Bado zilikuwa mbichi.